Marejeo ni Ngamani: Kijana Rubani na Kazi Mbili

Kijana akipata kazi, sisi wazazi na walimu humwuliza neno moja tu: "Mshahara ni kiasi gani?" Swali hilo si baya, maana mtu hawezi kula maneno. Lakini yako maswali mawili yapasayo kutangulia, nayo yakisahauliwa, mshahara mnono waweza kugeuka kuwa machozi. Maswali hayo tulifundishwa huko Vitshumbi, mahali pa mitumbwi na nyavu, kwa sababu ya barua ya kijana mmoja rubani wa ndege.

Barua iliyokuja ufukoni

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, upande wa Rutshuru. Kimo ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na sheria ya mbuga hairuhusu watu kulima humo. Basi watu hula, huvaa na husomesha watoto kwa samaki. Asubuhi mitumbwi inaporudi, makorongo wakubwa wenye vipara hutembea katikati ya watu pasipo hofu, kama wazee wanaongojea baraza lianze.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 mvuvi mmoja mzee alitujia na barua mkononi. Mwanawe alikuwa mwanafunzi wetu zamani. Kijana huyo alipenda hesabu kuliko nyavu, akasoma kwa bidii, na mwisho akaingia katika chuo cha urubani cha Soroti, nchini Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 ili kuzifundishia nchi za Afrika Mashariki. Sasa alikuwa na leseni, na mke, na mtoto mchanga, wote wakikaa Goma.

"Mwalimu," mzee akasema, "nimeisoma barua hii mara tatu. Nimeelewa salamu tu."

Tuliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tukaisoma pamoja. Kijana alikuwa ameitwa kazini mahali pawili. Kampuni ya kwanza ilikuwa ndogo, kituo chake Goma, nayo ilikuwa na ndege zisizochukua zaidi ya watu 19, ziendazo Beni, Bunia na viwanja vidogo vya msituni. Huko angelipwa vizuri tangu mwezi wa kwanza, naye mwenye kampuni alimwahidi kwa mdomo kwamba atamfanya kapteni upesi. Kampuni ya pili ilikuwa kubwa, kituo chake Kinshasa, mbali na Goma kwa zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya anga. Huko angekuwa wa mwisho katika orodha ya marubani, na mshahara wa kwanza ulikuwa mdogo. Naye aliwaza hivi: mke abaki Goma, yeye awe akienda na kurudi kwa kuomba kiti kilichobaki wazi ndani ya ndege. "Baba," aliandika, "nichague ipi?"

Namba isiyorukwa

Mzee alitaka kwanza kujua orodha hiyo ni kitu gani. Tukamweleza kama ifuatavyo.

Katika makampuni mengi makubwa ya ndege duniani, rubani akiajiriwa huandikwa namba kwa kufuata siku aliyoingia. Aliyeingia jana yu mbele ya aliyeingia leo. Kwa namba hiyo hugawiwa mambo mengi: nani ahamie ndege kubwa, nani apewe nafasi ya ukapteni inapotokea, nani alale nyumbani siku ya Noeli na nani awe angani, nani achague mwezi wa likizo. Na kazi zikipungua, wa mwisho kuingia huwa wa kwanza kutolewa. Namba husogea wakubwa wanapostaafu, kwa kuwa kanuni za mataifa haziruhusu rubani wa ndege za abiria za kimataifa kupita miaka 65.

Lakini liko jambo moja chungu. Namba haihamishwi. Rubani aliyefanya kazi miaka 20 katika kampuni moja, akihamia nyingine yenye orodha, huandikwa mwishoni kabisa, nyuma ya kijana aliyeingia juma lililopita.

Mzee akacheka. "Kumbe ni mtumbwi! Mimi nilianza kwa kuchota maji chini ya mtumbwi. Kisha nikapewa kasia. Miaka mingi baadaye nikakaa nyuma, nikaushika usukani. Na mtu akihama mtumbwi, hata awe hodari namna gani, wenyewe watampa kopo la kuchotea maji."

Hapo tuliukumbuka ule usemi wa mabaharia: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini ambapo maji hukusanyika. Mzee wa Ziwa Edward, asiyepata kuiona bahari, alikuwa ameufafanua usemi huo kuliko kitabu.

Tena tukamwonyesha kwamba orodha hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuwapa raha wazee. Mahali ambapo cheo hutoka kinywani mwa mkubwa mmoja, rubani huweza kuogopa kusema "hapana". Akiambiwa ndege ichukue mzigo uliozidi, au apae na huku mawingu meusi yamefunika mlima, atakumbuka ahadi ya ukapteni, na ulimi wake utakuwa mzito. Aliye na namba yake hupata nguvu ya kukataa. Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa, ikaangukia mtaa wa Birere. Na tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa ikienda Beni ilianguka juu ya nyumba za watu mara baada ya kuondoka. Hatusemi kwamba ajali hizo zilitokana na woga wa rubani. Twasema tu kwamba katika kazi hii kosa la dakika moja halina masahihisho.

Umbali hulipwa kwa usingizi

Swali la pili ni la umbali. Kuishi mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine ni desturi ya marubani wengi, hasa Marekani. Huacha nyumba zao, hupanda ndege kama wasafiri, hufika kituoni, ndipo kazi yao ianze. Wengine hukodi chumba pamoja, watu sita au wanane, kwa ajili ya kulala usiku mmoja. Saa za safari hiyo hazihesabiwi kuwa kazi. Lakini mwili huzihesabu.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege iliyotoka Newark ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema sababu kubwa ni kwamba kapteni alifanya kinyume cha ilivyopasa ndege ilipomwonya kuwa imepungukiwa na mwendo. Walipofuatilia zaidi waliona haya: rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, ng'ambo ya pili ya nchi, ili kufika kazini, naye kapteni, mkazi wa Florida, alilala katika chumba cha wafanyakazi kiwanjani. Wachunguzi waliona kwamba huenda uchovu uliwapunguzia umakini wote wawili.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mvuvi asiyelala huanguka ziwani peke yake. Huyu huanguka na watu."

Tazama pia afya ya mtumbwi

Je, tulimshauri mzee kwamba orodha ndefu ndiyo jibu? La, hasha. Namba nzuri katika kampuni inayokufa ni kiti kizuri katika mtumbwi unaozama. Shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946, nalo lilikuwa fahari ya nchi zetu jirani. Mwaka 1977 likavunjika, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Kwetu, Air Congo ilianza mwaka 1961, ikaitwa Air Zaïre mwaka 1971, ikafilisika mwaka 1995. Pan American ya Marekani ilifungwa mwaka 1991, na Sabena ya Ubelgiji mwaka 2001. Wako waliotumikia makampuni hayo tangu ujana, wakaamka asubuhi moja namba yao si kitu. Kutangulia si kufika.

Kadhalika, kampuni ndogo si ya kudharauliwa. Mtu hawezi kupewa leseni ya juu, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria akiwa kapteni, kabla ya kutimiza saa 1,500 angani. Saa hizo vijana wengi huzipata katika ndege ndogo. Basi aliye na saa chache aweza kwa busara kuanza hapo, mradi ajue kwamba anapita, na mradi ndege zitunzwe vema na neno lake "hapana" lisikiwe.

Jibu tulilopeleka

Siku ile tuliandika barua, mzee akitamka, sisi tukishika kalamu. Haikuwa ndefu. Ilisema: "Mwanangu, ahadi ya mdomo usiijengee nyumba. Uliza ndege zao zatengenezwa wapi. Uliza ni wangapi walio mbele yako Kinshasa na wangapi wanakaribia kustaafu. Ukiona mtumbwi ule ni mzima, shika kopo, uchote maji pasipo aibu. Lakini usimwache mkeo Goma. Mahali ulipo usingizi wako, hapo iwe nyumba yako."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, akitia samaki chumvi. Hakusema neno mpaka barua ilipokwisha. Ndipo akauliza, "Na mimi mjukuu wangu nitamwona lini?" Hakuna aliyemjibu, maana hesabu hiyo haimo katika orodha yoyote.

Kijana alikubali. Alikwenda Kinshasa na mke na mtoto, wakapanga vyumba viwili, wakaishi kwa kubana. Machi 2024 vita vilifika Vitshumbi. Mwishoni mwa Januari 2025 vikaingia Goma, na kiwanja cha ndege kikafungwa. Waliokuwa wakifanya kazi Kinshasa na kuacha jamaa zao Goma wakaona njia imekatika juu yao kwa siku moja. Aliyetaka kufika nyumbani ilimpasa kuzunguka kwa nchi za jirani. Kijana wetu alituandikia, "Mwalimu, kila jioni nawaona wanangu." Wakati huo walikuwa wawili. Lakini aliongeza kwamba wazazi wake hajawaona, na kwamba mama hamjui mtoto wa pili ila kwa sauti ya simu.

Hivyo hatusemi kwamba kuchagua vizuri huondoa hasara. Kila kazi ina bei yake. Mwenye akili huijua bei hiyo kabla ya kununua.

Ninyi wanafunzi, hata kama hamtaruka angani kamwe, maswali ni yale yale kwa mwalimu anayepewa shule ya mbali, kwa muuguzi, kwa karani. Nitalala wapi? Mbele yangu wako wangapi, na mstari huu wasogea? Mtumbwi wenyewe ni mzima? Nani ataulipa umbali huu: mimi, au watoto wangu? Mkiisha kuyajibu hayo, ndipo mwulize habari za mshahara.