Hedhi Nzito Katika Miaka ya Kuelekea Ukomo

Hedhi haikomi kwa siku moja. Wanawake wengi hufikia ukomo kati ya umri wa miaka 45 na 55, lakini kabla ya hapo hupita kipindi cha mpito ambacho kwa kawaida huchukua miaka minne hivi, na kwa wengine hufika minane. Katika kipindi hicho mzunguko uliozoeleka huvurugika: mwezi huu damu inatoka baada ya siku 20, mwezi unaofuata haionekani kabisa, kisha inarudi kwa wingi ambao mwenyewe hajawahi kuuona. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama mimba au dawa. Maana yake ni kwamba ukomo hujulikana baada ya kupita. Hakuna kipimo cha maabara kinachotaja tarehe yake mapema.

Chanzo cha vurugu hiyo kiko kwenye ovari. Mtoto wa kike huzaliwa na vijifuko vya mayai vipatavyo milioni moja hadi mbili, na akiba hiyo haiongezeki tena maishani. Akifika miaka ya arobaini vimebaki vichache, na hivyo vichache ni vizito kuitikia. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huongeza homoni ya kuchochea ovari ili yai lipevuke. Miezi mingine hufanikiwa, miezi mingine yai halitoki. Katika mzunguko wa kawaida, estrojeni hujenga utando wa ndani wa kizazi, na yai likishatoka projesteroni huukomaza utando huo ili ukibomoka ubomoke wote, ndani ya siku chache. Yai lisipotoka, projesteroni haitengenezwi. Estrojeni huendelea kujenga peke yake kwa wiki nyingi, utando hunenepa kupita kiasi, kisha humong'onyoka vipande vipande, sehemu hii leo na sehemu ile kesho kutwa. Ndiyo maana damu iliyochelewa miezi miwili huja kwa kishindo na kukaa siku kumi au zaidi.

Wengi huamini kwamba hedhi ikikaribia kukoma damu hupungua polepole mpaka ikakatika. Wapo wenye bahati hiyo. Lakini katika miaka ya mwanzo ya mpito estrojeni huweza kupanda sana kabla ya kushuka moja kwa moja, na ndiyo sababu matiti huuma, tumbo hujaa na damu huzidi kwa mwanamke ambaye majirani wameshamwambia kuwa anazeeka.

Katika hedhi ya kawaida mwanamke hupoteza damu ya mililita 30 hadi 40 kwa siku zote zikijumlishwa. Wataalamu waliweka mpaka wa hedhi nzito kwenye mililita 80, lakini kipimo hicho ni cha utafiti, kwani nyumbani hakuna anayekinga damu kwenye kikombe. Siku hizi madaktari hutazama zaidi athari: hedhi ni nzito inapovuruga kazi, usingizi, ibada au maisha ya ndoa. Dalili zake zinafahamika. Pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, pedi mbili zinavaliwa kwa pamoja na bado kanga inatandikwa juu ya godoro, yanatoka mabonge yanayozidi upana wa sentimita mbili na nusu, au damu inapita siku nane. Wengine huacha kuvaa nguo za rangi nyeupe, hukaa kiti cha nyuma kabisa kwenye daladala, au hutoa udhuru kila wanapoalikwa harusini. Mwanamke anayepanga wiki yake hivyo ana hedhi nzito, hata kama hajawahi kuitaja kwa yeyote.

Jambo la kwanza la kufanya halina gharama. Tarehe ya kuanza damu, tarehe ya kukatika, idadi ya pedi kwa siku na mabonge kama yapo, viandikwe kwenye daftari au simu kwa miezi mitatu. Wanawake wengi wa Kiislamu huhesabu siku tayari kwa ajili ya sala na saumu, na hesabu hiyo ni msaada mkubwa kwa daktari. Ila inafaa kukumbuka kwamba mpaka wa fiqhi na mpaka wa tiba ni vitu viwili. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, hedhi huweza kufika siku 15. Tabibu huanza kuuliza maswali wiki nzima kabla ya hapo.

Kosa kubwa katika umri huu ni kusingizia kila damu kuwa ni utu uzima. Mpito hueleza vizuri kwa nini tarehe zinayumba. Hautoshi kueleza damu inayomwagika. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, lilipanga sababu za damu isiyo ya kawaida katika makundi tisa, na kukosa kupevuka kwa yai ni moja tu kati ya hayo. Uvimbe wa kizazi, ambao wengi huuita faibroidi, huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, tena mapema, na ule unaoota kuelekea ndani ya kizazi huleta damu nyingi hata ukiwa mdogo. Kuna vinyama laini vinavyoota kwenye utando, na kuna hali ya utando kujipenyeza ndani ya msuli wa kizazi, ambayo huleta damu nyingi pamoja na maumivu makali. Tezi ya shingo ikilegea nayo huvuruga hedhi. Kitanzi cha shaba huongeza damu. Sindano ya uzazi wa mpango huleta matone yasiyo na ratiba, na kwa vile huweza kuikata hedhi kabisa, humfanya anayeitumia asijue kama amefikia ukomo. Saratani ya utando wa kizazi si ya kawaida kabla ya ukomo, lakini hatari yake hupanda kwa mwenye unene uliokithiri, kisukari au miaka mingi ya mzunguko usiotoa yai. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa ni alama ya kuchunguza mlango wa kizazi, kwa kuwa saratani ya sehemu hiyo bado ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki.

Damu inayopotea kila mwezi huondoka na madini ya chuma, na upungufu huingia taratibu kiasi kwamba mwili huuzoea. Mwanamke anayeishiwa pumzi kwenye ngazi alizozipanda miaka yote hudhani ni umri. Nywele zinakatika, moyo unadunda akiwa amelala, na huanza kutamani barafu, udongo au mchele mbichi, tamaa ambayo kwa asiye mjamzito inapaswa kumpeleka maabara. Kwa mwanamke asiye na mimba, himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na akiba ya chuma inaweza kuwa imekwisha hata kabla ya kipimo hicho kushuka. Juisi ya rozela na bitiruti husifiwa kwa kuongeza damu, sifa zinazotokana na rangi kuliko na chuma kilichomo. Maini, nyama, dagaa na maharage yanasaidia zaidi, hasa yakiliwa na chungwa au ndimu, na chai ikicheleweshwa saa moja au mbili baada ya mlo kwani huzuia chuma kufyonzwa. Aliyekwisha kupungukiwa hatarudishwa na chakula peke yake. Anahitaji vidonge vya chuma, na kwa kawaida huendelea navyo miezi mitatu baada ya himoglobini kurudi mahali pake.

Hospitalini uchunguzi huanza na kipimo cha mimba, hata kwa mwanamke wa miaka 48, kwa sababu yai moja la kushtukiza linatosha. Hufuata picha kamili ya damu, kuangaliwa mlango wa kizazi na ultrasaundi. Mwenye miaka 45 na kuendelea, damu yake ikiwa ya ovyo, hustahili pia kuchukuliwa sampuli ya utando. Kumpa mwanamke kama huyo vidonge vya kusimamisha damu mara tatu kwa mwaka bila kukichunguza kizazi chake ni kuahirisha ugonjwa.

Sababu ikishajulikana, dawa zipo. Ibuprofeni au asidi ya mefenamiki, zikinywewa siku za damu tu, hupunguza damu kwa robo hivi na kutuliza maumivu, ila hazifai kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Asidi ya traneksamiki, iliyovumbuliwa na wanandoa wa Kijapani Utako na Shosuke Okamoto na kutangazwa mwaka 1962, hupunguza karibu nusu. Haina homoni, na haipewi aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa. Projesteroni ya vidonge huurudishia utando kile kilichokosekana. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli hushinda dawa hizi zote, kwani ndani ya mwaka mmoja hupunguza damu kwa zaidi ya asilimia 80, na baadhi hawaoni hedhi tena, ingawa miezi ya mwanzo huwa na matone ya kuudhi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huweka mzunguko sawa, lakini si vya mwenye shinikizo la damu wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35.

Upasuaji hubaki kwa ambao dawa zimewashinda au wenye uvimbe mkubwa. Kuondolewa kizazi humaliza damu moja kwa moja. Hofu kwamba mwanamke hupoteza hamu au uanamke wake haina msingi mkubwa, mradi ovari zimeachwa; zikiondolewa nazo, ukomo huingia ghafla, pamoja na joto la mwili na jasho la usiku. Kwa kuwa faibroidi husinyaa homoni zikishashuka, mwenye miaka 50 na uvimbe wa wastani anaweza kuuliza kama inawezekana kuvuka kwa dawa badala ya kisu.

Kinga ya mimba nayo haiachwi mapema: huendelea mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyepita miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Pedi zikijaa kila saa kwa saa mbili au zaidi, au damu ikija na kizunguzungu, mapigo ya kasi na kukosa pumzi, mwanamke apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na damu yoyote inayotoka baada ya kutimia miezi 12 bila hedhi, hata kama ni tone moja kwenye nguo, isihesabiwe kuwa hedhi imerudi: takriban mmoja kati ya kila wanawake kumi wanaopata damu hiyo hukutwa na saratani ya utando wa kizazi, na ikigunduliwa mapema wengi wao hupona.