Tupanue njia, tusibomoe ukumbusho

Saa kumi na mbili asubuhi, ndugu zetu wa Kenya, Katuba na Ruashi wanasimama kando ya barabara kungojea taxi-bus. Katikati ya muji wa Lubumbashi magari inafungana. Mutu anafika kazini amechelewa, na siku yake inakatwa. Kweli, njia inapaswa kutengenezwa.

Lakini wengine wanasema: tubomoe nyumba za zamani, barabara ipate nafasi. Hapo tuende polepole. Treni ilifika hapa 1910, tanuru ya shaba ikawaka 1911. Lagare, posta, kathedrali: ile matofali ni jasho la baba zetu.

Njia ingine iko. Reli inapita ndani ya muji: treni ya wafanyakazi, asubuhi na jioni, ingepunguza magari. Taxi-bus nazo zipewe vituo, zisisimame ovyo. Hakuna tofali hata moja litaanguka.

Desemba 1941 wachimbaji waliogoma juu ya mushahara walipigwa risasi katika muji huu. Mufanyakazi asipochunga ukumbusho wake, nani atauchunga? Wakubwa, mbele ya kupanga, muite na sendika.