Kwa nini hutapanda mashua kutoka Ziwa Babati hadi Bonga

Huenda umewahi kuona picha za Uingereza: mashua nyembamba ndefu imepakwa rangi nyekundu na kijani, inateleza polepole kwenye mfereji, na kando yake kuna njia watu wanatembea na mbwa. Sasa jiulize, kama unaishi Bonga: ziwa lipo, hapo Babati mjini. Kwa nini basi tusichimbe mfereji tupande mashua hadi nyumbani, badala ya kugombania nafasi kwenye bodaboda?

Jibu linaanza na jambo moja ambalo wengi hulipita: mifereji ipo ya aina mbili, na kila mmoja unataka kinyume cha mwenzake.

Mfereji wa kumwagilia unataka mteremko. Maji lazima yatembee yenyewe hadi shambani, kwa hiyo mchimbaji huacha ardhi ishuke kidogo sana, mara nyingi mita moja au mbili kwa kila kilomita. Ukizidisha, maji yanakula kingo. Ukipunguza, tope linatuama na mfereji unaziba. Engaruka, mkoani Arusha, wakulima walishalijua hili kati ya karne ya 15 na ya 18. Waliyashusha maji kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, wakayapitisha kwenye mifereji ya mawe hadi kwenye mashamba ya karibu hekta 2,000, na hawakuwa na pampu hata moja.

Mfereji wa mashua, kwa upande wake, unataka maji yaliyotulia. Hapo ndipo faida yake ilipo. Chombo kinachoelea hakina magurudumu ya kukwama kwenye matope, na kikienda taratibu maji hukizuia kidogo sana. Ndiyo maana farasi mmoja, akitembea kwenye njia ya kando huku akivuta kamba, aliweza kusogeza mashua yenye shehena ya tani 25 hadi 30. Mfereji wa Bridgewater ulipofunguliwa mwaka 1761 na kuanza kupeleka makaa ya mawe Manchester, bei ya makaa mjini humo ilishuka karibu nusu. Ile njia nzuri ya matembezi unayoiona pichani ilikuwa sehemu ya kazi: ilichongwa kwa ajili ya kwato za farasi.

Lakini maji yaliyotulia hayapandi mlima. Wenzetu walitatua hilo kwa chemba yenye malango mawili. Mashua inaingia, lango la chini linafungwa, maji ya juu yanafunguliwa yaingie, chemba inajaa na mashua inapanda nayo. Halafu lango la juu linafunguliwa, safari inaendelea. Hakuna injini hapo, ni uzito wa maji tu.

Sasa hebu tulete hesabu kwetu. Ziwa Babati liko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Kwaraa unaouona ukiwa Bonga unapita mita 2,400. Hii siyo nchi ya tambarare. Tuseme mfereji wetu ungepanda mita 60 tu, na kila chemba inainua mashua mita 3. Tayari unahitaji chemba 20. Chemba nyembamba ya Kiingereza ina urefu wa mita 22 hivi na upana wa mita 2.2. Zidisha mara 3 za kina: ni mita za ujazo 145, yaani lita 145,000, au ndoo 7,250 za lita 20.

Habari njema ni kwamba chemba hupokezana maji, kwa hiyo mashua moja ikipanda haitumii mara 20 ya hayo. Habari mbaya ni kwamba angalau chemba moja nzima lazima itoke juu kabisa na kuishia chini. Mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele yanaweza kutumia milimita 5 za maji kwa siku ya jua. Ukipiga hesabu, maji ya safari ya mashua moja yangetosha ekari moja kwa wiki nzima. Kiangazi kikiwa kikali, nani angekubali?

Kwa hiyo kama unataka mashua, nenda ziwani. Mwombe mvuvi mwenyeji akupeleke, kwa sababu viboko wa Ziwa Babati siyo hadithi, na yeye anajua wanakokaa. Kama unataka njia ya kando, nenda kwenye mashamba ya mpunga ya Magugu, utembee kwenye ukingo wa mfereji. Hapo hakupiti farasi. Anapita mtu mwenye jembe, anazibua tope na kuangalia zamu za maji. Mpishe, na usikanyage ukingo mbichi.

Ukiwa huko, fanya jaribio dogo. Pima mita 10 kando ya mfereji, dondosha jani majini, hesabu sekunde. Sekunde 20 ni mwendo wa nusu mita kwa sekunde, ambao mfereji wa udongo huuvumilia vizuri. Likichukua zaidi ya sekunde 35, angalia chini: kuna uwezekano mkubwa tope limeshaanza kujaa, na msaragambo unakaribia.