Meno ya Mbuzi wa Miaka 3,000 Iliyopita: Mfugaji wa Leo Anajifunza Nini?

Leo tuweke kando chanjo na dawa za kuogesha, tuzungumzie mifupa. Ndiyo, ile ile unayowatupia mbwa.

Mnadani, mnunuzi mzoefu haangalii mgongo wa mbuzi peke yake. Anamfungua mdomo. Akikuta meno ya mbele yote ni ya utoto, anajua mbuzi bado mdogo, mwaka mmoja au chini yake. Jozi ya kwanza ya meno makubwa ikishaota, amepita mwaka. Jozi zote nne zikikamilika, yuko kwenye miaka mitatu hadi minne. Kumbe wataalamu wa mambo ya kale nao husoma meno hivyo hivyo, ila mbuzi wao alichinjwa zamani sana.

Jaa la Luxmanda

Kule Luxmanda, mkoani Manyara, watafiti akiwemo Profesa Audax Mabulla walifukua makazi ya wafugaji walioishi hapo takribani miaka 3,000 iliyopita. Walikuta vipande vya vyungu, zana za mawe, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Takataka za watu wale ndizo zinatueleza leo walifuga nini na walikula nini.

Kazi yenyewe inataka subira. Kila kipande kinapangwa: ni mnyama gani, ni kiungo gani, kina alama ya kisu, kimeungua? Mbuzi na kondoo husumbua zaidi, maana mifupa yao inafanana mno.

Umri wa kuchinja unasema lengo la mfugaji

Mwaka 1973 mtafiti Sebastian Payne, akitumia taya za mbuzi na kondoo kutoka Uturuki, alionyesha jambo ambalo kila mfugaji wa biashara angelielewa. Anayefuga kwa nyama huchinja madume mengi yakishafikia uzito mzuri. Anayetaka maziwa huyaondoa madume mapema sana, yasimalize maziwa ya mama. Anayetaka manyoya huacha wakubwa waishi. Katika hali zote, majike mengi hubaki yazae.

Sasa jiulize: mtu akifukua jaa lako, atasoma nini? Akikuta madume ya miaka mitano, atasema huyu alilisha bure kwa miaka mingi. Akikuta majike machanga mengi, atasema ukame au shida ya ada ilimfanya ale mtaji wake. Hapo ndipo mifugo ya vijana wengi inapoishia, si kwenye magonjwa tu.

Zizi lililohamwa, udongo uliobaki

Mifupa siyo ushahidi pekee. Kule Narok, Kenya, watafiti walichunguza sehemu tano zilizokuwa maboma ya wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Matokeo yalitoka mwaka 2018: udongo pale ulipolala mifugo bado una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko udongo wa jirani. Samadi ya maboma yale bado inanenepesha ardhi hadi leo!

Halafu wewe hapa chini ya milima ya Usambara, kwenye joto na mvua za kubahatisha, unaacha samadi isombwe na maji kila masika, kisha unakwenda dukani kununua mbolea kwa mkopo. Hesabu hiyo inakaaje?

Fanya haya matatu

1. Kuwa na daftari. Kila mnyama anayeuzwa, kuchinjwa au kufa, andika jinsia, umri kwa meno, na sababu.
2. Panga umri wa kuuza madume. Yakiacha kuongezeka uzito, uza. Majike mazuri yasiguswe bila hesabu.
3. Kusanya samadi, ifunike isinyeshewe, ikiiva ipeleke shambani. Ukihamisha zizi, panda pale lilipokuwa.

Wale wa Luxmanda hawakuacha maandishi, na bado mifupa inawasemea. Wewe una kalamu. Usisubiri jaa likusemee.