Kuvunjika au Kupasuka? Tafsida na Majeraha ya Uume

Tafsida husitiri jambo zito kwa maneno mepesi. Ni pambo la adabu, ila katika chumba cha daktari huweza kuleta madhara. Katika wodi ya Gatongora, eneo bunge la Ruiru, wenyeji wasemao Kikuyu huishi na wapangaji waliotoka pembe nyingi za Kenya, na mbele ya tabibu wengi wao hukutana katika Kiswahili. Mwanamume aliyeumia uume atasema, "Nimeumia huku chini." Heshima imehifadhiwa, daktari hajaambiwa kitu.

Jeraha linaloathiriwa zaidi na ukimya huo ni lile liitwalo kuvunjika kwa uume. Kitenzi chenyewe kina walakini. Uume wa binadamu hauna mfupa. Una mihimili miwili ya nyama laini inayojaa damu, iliyozungushiwa utando imara. Uume ukilegea, utando huo huwa na unene wa takriban milimita 2; ukisimama, hupungua hadi milimita 0.5 au chini ya hapo. Ukipindwa ghafla wakati huo, aghalabu katika tendo la ndoa, utando hutatuka. Kiswahili hutenganisha fimbo iliyovunjika na mpira uliopasuka, na hapa kupasuka ndiko kunakostahili. Aliyeambiwa amevunjika huenda akangoja kuunga, kilichopasuka hushonwa.

Utambuzi huanzia kwenye masimulizi: mlio wa ghafla, maumivu, uume kunywea papo hapo, kisha kuvimba na kugeuka rangi ya biringanya. Damu ikionekana kwenye tundu la mkojo, au mgonjwa akishindwa kukojoa, mrija wa mkojo nao hushukiwa. Penye shaka, picha ya mawimbi ya sauti husaidia. Anayeficha kwamba uume ulikuwa umesimama ameficha nusu ya ushahidi, na muuguzi anayeliuliza hilo waziwazi hajamvunjia mtu heshima.

Mpasuaji hufunua ngozi, huondoa damu iliyovilia na kuushona utando kwa uzi unaoyeyuka mwilini. Mrija wa mkojo ukiwa umechanika hushonwa pia, na mgonjwa hubaki na mpira wa mkojo kwa muda. Upasuaji wa mapema hupunguza hatari ya uume kupinda au kutosimama tena. Siku zinazopotea nyumbani kwa aibu, ilhali Ruiru na Thika kuna hospitali, huongeza hatari hiyo.

Kukatika ni kitenzi cha tatu, nacho kina utaratibu wake. Kipande hufungwa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali, hutiwa katika mfuko usiovuja, na mfuko ndio huwekwa kwenye barafu. Kipande chenyewe hakigusi barafu, wala hakiachwi nyuma mgonjwa akikimbizwa hospitalini.