Maumivu ya goti kwa waendesha baiskeli: Chanzo mara nyingi ni kiti

MAUMIVU ya goti ni lalamiko linalosikika mara kwa mara miongoni mwa watu wanaotumia baiskeli kila siku, wawe wachuuzi wanaoingiza bidhaa mjini, wafanyakazi wanaokwepa nauli na foleni, au watu wazima walioanza kuendesha kwa ajili ya mazoezi baada ya kushauriwa kupunguza uzito.

Wengi wao huchukua uamuzi mmoja kati ya miwili. Wapo wanaoiacha kabisa baiskeli wakiamini kwamba imewamalizia "maji ya goti". Wapo wengine, hasa wale ambao baiskeli ndiyo riziki yao, humeza vidonge vya kutuliza maumivu na kuendelea na safari. Uamuzi wa kwanza humnyima mtu mazoezi au kipato bila sababu, na wa pili huweza kuligeuza tatizo dogo kuwa la kudumu.

Ukweli ni kwamba mara nyingi goti huumizwa na namna baiskeli ilivyofungwa, na kasoro iliyo ya kawaida zaidi ni kiti kilichowekwa chini mno. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa spana katika muda wa dakika chache.

Goti linavyofanya kazi

Goti hukutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mbele yake ipo pia ya goti, mfupa mdogo ulioshikwa na kano ya misuli ya paja, ambao huteleza juu ya mfupa wa paja kila mguu unapokunjwa na kunyooshwa. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, na ute ulio ndani ya kiungo huzilainisha zisisuguane.

Ute huo ndio watu wanaouita maji ya goti. Hauishi kwa kutumiwa, kwa sababu mwili huutengeneza upya wakati wote. Aidha, gegedu haina mishipa ya damu, hivyo hupata lishe yake kutoka katika ute huo, na kujongea kwa kiungo husaidia lishe hiyo kuifikia. Ndiyo sababu wagonjwa wengi ambao magoti yao yamesagika hushauriwa kuendesha baiskeli kwa wastani, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mwili hubebwa na kiti, tofauti na mtu anayekimbia barabarani.

Tatizo huanzia kwenye marudio. Mtu anayezungusha pedali mara 60 kwa dakika hukunja na kunyoosha kila goti mara 3,600 kwa saa moja. Kasoro ndogo ambayo isingehisiwa katika safari ya kwenda dukani huwa kubwa inaporudiwa kwa kiasi hicho kila siku.

Mahali panapouma huonyesha chanzo

Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti au chini yake, ndiyo yanayowapata wengi. Kwa kawaida hutokana na kiti kilicho chini au kilichosogezwa mbele mno. Goti linapokunjwa kupita kiasi huku mguu ukisukuma kwa nguvu, pia ya goti hugandamizwa kwenye mfupa wa paja. Dalili yake nyingine ni maumivu wakati wa kupanda ngazi, au kuinuka baada ya kukaa muda mrefu.

Maumivu ya nyuma ya goti huashiria kinyume chake, yaani kiti kiko juu au nyuma mno, hivyo mguu hulazimika kujivuta ili kuifikia pedali. Maumivu ya upande wa nje nayo huweza kusababishwa na kiti kirefu, au unyayo unaoelekea ndani. Yale ya upande wa ndani mara nyingi huhusiana na unyayo au goti linaloelekea nje. Kwa baiskeli zilizotumika sana, pedali iliyopinda huweza kulipindisha goti katika kila mzunguko bila mwendeshaji kutambua.

Namna ya kupima kiti

Sababu ya watu wengi kushusha kiti inaeleweka. Mjini mtu hutaka miguu yake yote miwili ifike chini haraka, basi linaposimama ghafla mbele yake. Wengine hutumia baiskeli moja na ndugu zao, na kiti hubaki kwenye kipimo cha aliye mfupi kuliko wote.

Kipimo rahisi ni hiki. Egemeza baiskeli ukutani, keti ukiwa umevaa viatu unavyotumia siku zote, kisha weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukirudisha unyayo mahali pake, yaani sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikiwa juu ya pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo. Wataalamu wengi hupendekeza mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35.

Baada ya urefu, pima nafasi ya mbele na nyuma. Zungusha pedali hadi zilingane kwa usawa wa ardhi, kisha teremsha uzi uliofungwa nati, kama timazi ya fundi mwashi, kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele. Uzi upite karibu na katikati ya pedali. Ukiangukia mbele zaidi ya hapo, rudisha kiti nyuma kidogo.

Kiti kisipandishwe chote kwa siku moja. Nusu sentimeta kila baada ya siku chache inatosha, ili misuli izoee. Nguzo ya kiti pia isivutwe kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, kwani huweza kuvunjika. Kuhusu kusimama, mwendeshaji ajizoeze kushuka mbele ya kiti na kukanyaga chini kwa mguu mmoja. Huo ndio utaratibu salama, na hauhitaji kiti kushushwa.

Gia na mizigo

Jambo la pili ni uzito unaosukumwa. Wenye baiskeli za gia hupenda kutumia gia nzito wakidhani kwamba ndiyo ya watu wenye nguvu. Kwa goti, ni afadhali gia nyepesi na mizunguko mingi, kati ya 70 na 90 kwa dakika, kuliko mizunguko michache ya kukandamiza.

Baiskeli za chuma zisizo na gia, ambazo hubeba mkaa, maji, maziwa na hata abiria, hazitoi nafasi hiyo. Kwa wanaozitumia, kinga ni kushuka na kuisukuma baiskeli mlimani, kugawa mzigo katika safari mbili inapowezekana, na kuhakikisha mnyororo una mafuta na matairi yamejaa upepo. Tairi lenye upepo mdogo huongeza kazi ya goti kila mita ya safari.

Goti likishaanza kuuma

Hatua ya kwanza ni kupunguza safari na kuepuka milima kwa siku kadhaa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ikiwekwa kwa dakika 15 hadi 20, hupunguza maumivu. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo zikitumiwa kiholela, na zinapoficha maumivu, mwendeshaji huendelea kulijeruhi goti.

Misuli ya paja yenye nguvu hulilinda goti. Zoezi la kuanzia ni kulala chali, kukunja mguu mmoja na kuinua mwingine ukiwa umenyooka, kuushikilia kwa sekunde 5 na kuushusha taratibu, mara 10 kwa kila mguu. Zoezi likizidisha maumivu, lisitishwe.

Anayeona kwamba kupumzika ni udhaifu amkumbuke Bernard Hinault wa Ufaransa. Mwaka 1980 alijitoa katika mashindano ya Tour de France kwa maumivu ya goti, akiwa ndiye anayeongoza. Mwaka 1981 alirejea na kushinda, akashinda tena mwaka 1982. Goti lilimzuia tena kushiriki mwaka 1983, lakini mwaka 1985 alitwaa ubingwa wake wa tano.

Wakati wa kumwona daktari

Yapo maumivu ambayo hayahusiani na kiti. Goti lililovimba ghafla, lililo jekundu na la moto huku mtu akiwa na homa, linahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo goti lililoumia kwa kuanguka na haliwezi kubeba uzito. Lile linalokwama, linalolegea ghafla wakati wa kutembea, au linalouma usiku mtu akiwa amepumzika, nalo lichunguzwe na daktari. Maumivu yasiyopungua baada ya wiki mbili au tatu za kupumzika na kurekebisha kiti yanastahili kuonwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa wengine wote, kabla ya kuiuza baiskeli au kununua vidonge, ni vema kuanza na spana. Kipimo cha kisigino juu ya pedali hakihitaji fedha, na kinaweza kufanywa leo hii kabla ya safari ya kesho.