Baiti Tano Zisizofanya Kitu

Msomaji mmoja wa Moshi, mtunza seva wa chama cha akiba na mikopo, ameniandikia swali zuri sana. Mfumo wao husuasua kila mwisho wa mwezi, wanachama wanapofuata fedha zao kwa pamoja. Safari hii aliamua kujua kisa chake. Akapandisha kiwango cha batli za hifadhidata hadi ngazi ya udadisi kuliko zote, akaenda kulala. Alfajiri diski ilikuwa imejaa pomoni na seva imesimama. Akalifuta faili lile kubwa, nafasi haikurudi. Fundi aliyeitwa kusaidia akamshauri ang'oe mistari yote ya ufuatiliaji kwenye programu ambayo chama kilijiandikia chenyewe, kwa sababu "hata ikizimwa inakula nguvu". Msomaji anauliza: kitu kilichozimwa kinakulaje nguvu?

La diski nilimalize upesi. Faili likifutwa huku programu bado imelishikilia, limepoteza jina tu. Nafasi yake hairudi mpaka programu iliachie. Iamuru seva ifungue faili jipya, au lipunguze faili hadi sifuri badala ya kulifuta. Ngazi zenyewe tunazirithi kutoka kwa Eric Allman wa Berkeley, California, ambaye miaka ya 1980 aliiandikia programu yake ya barua, Sendmail, mfumo uitwao syslog wenye ngazi 8: kuanzia 0, janga, hadi 7, udadisi wa fundi. Hifadhidata ya PostgreSQL imeongeza zake, DEBUG1 hadi DEBUG5 kwa udadisi peke yake. Miongozo imezieleza vya kutosha, nami sitazirudia. Swali la nguvu ndilo tamu.

Ila tuelewane kwanza juu ya majina. Mafundi wengi husema "logi", wala sina ugomvi nao. Mimi napenda batli, daftari la chomboni, kwa yale ambayo seva huyaandika kila siku: nani kaingia, kipi kimeshindikana. Kwa kile kirefu zaidi, kinachoiandama programu hatua kwa hatua, nilijaribu "mfuatizo" nikaliacha, kwa kuwa linateleza kuelekea mfululizo. "Ufuatiliaji" ni kazi, si kitu kinachobaki baada ya kazi. Kinachobaki ni nyayo. Basi nitasema faili la nyayo, na mwenye neno bora aniletee.

Sasa tumsikilize yule fundi, maana hakukosea kabisa. Katika programu nyingi, mahali pa kuandika nyayo pana masharti: kama kiwango ni cha udadisi, andika, kama sivyo, endelea. Ukizima, umezima kuandika tu. Kuuliza kunabaki. Prosesa inasoma thamani kutoka kwenye kumbukumbu, inalinganisha, inaruka. Mara moja ni kitu cha kupuuza. Lakini ndani ya hifadhidata au kerneli ya mfumo endeshi kuna sehemu zinazopitwa mara mamilioni kwa sekunde, na kila thamani inayosomwa inagombea nafasi kwenye kashe pamoja na data zenye kazi ya maana.

Na lipo baya zaidi, ambalo nadhani ndilo lililowaponza Moshi. Programu ya Java ikiandikwa log.debug("Mwanachama " + m), sentensi nzima huungwa kwanza, m hugeuzwa kuwa maandishi, ndipo swali huulizwa kama iandikwe au itupwe. Ikizimwa, kazi yote imefanyika na matokeo yametupwa. Dawa yake ipo tayari: maktaba ya SLF4J hukuwezesha kuacha mabano {} matupu ndani ya ujumbe na kukabidhi m pembeni, ujumbe usiungwe mpaka ijulikane kwamba unatakiwa. Siku moja ya kurekebisha mistari hiyo itawafaa kuliko kuing'oa.

Lakini twende mbele zaidi. Inawezekana swali lisiulizwe kabisa? Programu iwe na maelfu ya mahali pa kuandikia nyayo, na zikizimwa prosesa ipite bila hata kujua kwamba palikuwa na kitu? Mwaka 2004 Bryan Cantrill, Mike Shapiro na Adam Leventhal wa kampuni ya Sun waliieleza dunia DTrace yao, iliyotoka na Solaris 10 mwaka uliofuata, na dai lao lilikuwa hilo hilo: ikizimwa, haina gharama. Linux ikafuata kwa njia zake, na mojawapo ya njia hizo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Chukua barabara ya Morogoro, pale mizani ya Vigwaza. Tuseme wenye barabara wanataka kupima malori siku chache tu kwa mwaka, siku za mashaka. Wanaweza kumweka ofisa barabarani mwaka mzima amwambie kila dereva, "Leo hatupimi, pita." Kila lori litapunguza mwendo, litasikiliza, litaondoka, hiyo ndiyo programu yenye masharti. Wanaweza pia kuivunja mizani. Barabara itakuwa nyepesi, lakini siku ya mashaka watakuwa hawana chochote mkononi. Huo ndio ushauri wa fundi wa Moshi. Njia ya tatu ni hii: pale penye njia ya kuingilia mizani, barabara inanyooshwa, na panawekwa kipande cha lami bapa chenye urefu sawasawa na kona itakayohitajika. Malori yanapita juu yake kwa mwendo ule ule. Siku ya mashaka kipande kinainuliwa, kinapachikwa kona inayoelekea mizani, na hakuna dereva anayeulizwa neno. Barabara yenyewe inampeleka.

Kwenye prosesa za Intel na AMD, kipande hicho cha lami kina urefu wa baiti 5. Zikiandikwa kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita ni 0F 1F 44 00 00, na maana yake kwa prosesa ni moja: usifanye kitu, songa mbele. Kona nayo ni amri ya kuruka: baiti moja, E9, ikifuatwa na baiti 4 za umbali wa kurukia. Moja na nne ni tano. Kimoja kinakaa pale pale palipokuwa kingine, bila kusukuma jirani hata kwa baiti moja. Jason Baron wa Red Hat aliufanyia kazi mpango huu na ukaingia kwenye Linux 2.6.37, mwanzoni mwa 2011. Watengenezaji wa GCC, mtafsiri wa msimbo, walikuwa wameshaongeza, kwenye toleo la 4.5, aina ya amri iliyouwezesha. Wakati wa kutafsiri programu, msimbo wa kuandika nyayo unasogezwa kando, nje ya njia kuu, na anwani ya kila kipande cha lami inaorodheshwa kwenye jedwali.

Inabaki kazi ngumu: kuinua lami huku magari yanapita. Seva ina viini vingi vya prosesa, na vyote vinatembea juu ya msimbo ule ule. Kiini kimoja kikianza kuandika zile baiti 5, kingine kinaweza kufika katikati ya zoezi na kusoma baiti mbili mpya na tatu za zamani. Hiyo si amri ya zamani wala mpya. Ni takataka, na kerneli inayotekeleza takataka huanguka na seva nzima.

Kwa hiyo anatangulizwa mtu wa bendera nyekundu. Prosesa hizi zina amri moja ya baiti moja tu, CC, iliyobuniwa kwa ajili ya mafundi wanaosaka hitilafu: anayeikanyaga husimama na kukabidhiwa kwa msimamizi. Kwanza inaandikwa CC juu ya baiti ya mwanzo peke yake, na kwa kuwa ni baiti moja haiwezi kusomwa nusunusu. Kisha viini vyote vinapelekewa ujumbe vihakikishe vimeiona bendera. Sasa baiti 4 za nyuma zinabadilishwa kwa utulivu, kwani hakuna awezaye kuzifikia bila kupita kwa mshika bendera. Kiini kinachofika wakati huo kinaelekezwa kwa mkono kwenye njia mpya. Viini vinajulishwa tena. Mwisho CC inaondolewa, E9 inakaa mahali pake, na kona imekamilika. Hakuna aliyesimamishwa kungoja ujenzi uishe. Naona huu ni miongoni mwa ufundi safi kabisa uliowahi kuandikwa katika programu.

Steven Rostedt alikuwa ameshavitumia vipande vya lami vya namna hii kwa ujasiri mkubwa zaidi, kwenye ftrace, mfumo wa nyayo wa kerneli, ulioingia Linux 2.6.27 mwaka 2008. Mtafsiri wa msimbo anaweza kuombwa aweke wito mwanzoni mwa kila fanksheni, nazo kwenye kerneli ni makumi ya maelfu. Rostedt alipopima aligundua kwamba wito huo, hata ukirudi mara moja bila kufanya lolote, unapunguza kasi kwa takriban asilimia 13. Hakuna mtunza seva atakayelipa kodi hiyo. Basi seva inapowaka, kerneli inapita kwenye orodha ya anwani zake na kuugeuza kila wito uwe baiti zisizofanya kitu. Ukitaka kufuata fanksheni fulani, unaandika jina lake kwenye faili set_ftrace_filter ndani ya /sys/kernel/tracing, nayo peke yake inarudishiwa wito.

Mwaka huo huo ufundi huu uliuma. Waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya 2.6.27 waliona kadi za mtandao za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e zinakufa. Kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi imevurugika, na kuwasha upya hakusaidii. Kiendeshi kilishukiwa kwa wiki kadhaa. Mkosaji alikuwa ftrace. Baadhi ya fanksheni hutumika mara moja wakati moduli inapakiwa, kisha kumbukumbu yake inaachiwa. Anwani zake zilibaki kwenye orodha. Eneo lile lile la anwani likaja kupewa kumbukumbu ya kadi. ftrace ikaenda kubadilisha baiti zake kwa amri ya kulinganisha na kubadilisha, na amri hiyo kwenye prosesa hizi huandika hata pale ulinganisho unaposhindwa: hurudisha thamani iliyoikuta. Kwenye RAM hilo halina madhara. Kwenye kadi, uandishi wowote ni amri. Linux 2.6.27 ilitoka Oktoba 2008, na katika 2.6.27.1 sehemu hiyo ya ftrace ikazimwa mpaka ilipoandikwa upya. Tangu hapo kerneli husoma kwanza kilichopo mahali hapo, na isipokuta baiti inazozitarajia, haigusi.

Msomaji wa Moshi, nakuona unauliza haya yanaihusu vipi hifadhidata yako. Yanaihusu moja kwa moja. PostgreSQL ikijengwa kwa --enable-dtrace hubeba vituo vya nyayo vya aina hii ndani yake: kuanza kwa muamala, kuanza kwa ombi, kuanza kungojea kufuli. Kwenye Linux kila kimoja ni amri isiyofanya kitu, mpaka chombo kama SystemTap kitakapokifungua. Na ftrace haiandiki kwenye diski yako. Nyayo zake zinakaa kwenye RAM, katika kihifadhi cha duara cha takriban megabaiti 1.4 kwa kila kiini, kikijaa kinaandika juu ya nyayo kongwe. Hakiwezi kukujazia diski usiku. Nginx, seva ya wavuti, inao mpango kama huo: ukiandika error_log memory:32m debug, nyayo za udadisi zinazunguka ndani ya megabaiti 32 za RAM, na debug_connection inakuwezesha kuwasha udadisi kwa anwani moja tu ya mteja, ilimradi nginx ilijengwa na --with-debug.

Tahadhari chache: prosesa za aina nyingine zina vipande vya lami vya urefu mwingine, na kuwasha nyayo kuna gharama yake. Pia angalia nini kinaandikwa: Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadili nywila, kwa kuwa hitilafu ilikuwa imeziandika wazi kwenye batli ya ndani kabla hazijafichwa. Batli za chama cha akiba na mikopo ziwe chini ya ulinzi ule ule wa daftari la fedha.

Kwa hiyo, mistari ile usiing'oe. Rekebisha namna ujumbe wake unavyoungwa. Rudisha log_min_messages kuwa warning leo hii. Weka log_filename yenye %a, log_truncate_on_rotation iwe on, log_rotation_age iwe siku moja na log_rotation_size iwe 0, ili uwe na mafaili 7 yanayojirudia kwa siku za juma. Kisha weka log_min_duration_statement kuwa 500, ili iandikwe tu amri ya SQL inayozidi nusu sekunde, na ungojee mwisho wa mwezi. Nina imani faili hilo litakuwa fupi na mkosaji atakuwa ndani yake. Ukimpata, niandikie.